Bailiff ni nani, na jina lake limetoka wapi?

Swali: "Mimi ni mtu wa Tanga, sasa naishi Leicester. Halmashauri ya huku imeniandikia kwamba nisipolipa kodi ya halmashauri (council tax) ninayodaiwa, deni litapelekwa kwa bailiff. Dada yangu aliye Chicago anasema bailiff ni yule askari wa ndani ya chumba cha mahakama, hana kazi ya kuja nyumbani kwa watu. Jirani yangu Mkongo anasema huyo ni huissier. Mume wangu naye ameshikilia kwamba bailiff na liwali ni neno moja, Wazungu walilichukua kwa Waarabu. Nani anasema kweli? Na huyo mtu akija, ana uwezo gani juu yangu?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Bailiff aliyetajwa kwenye barua yako ni yule ambaye Tanga ungemwita dalali wa mahakama: anakuja na hati, anaorodhesha mali ya mdeni, na deni lisipolipwa anaichukua ikauzwe. Dada yako wa Chicago hajakosea, ila anakueleza mambo ya Marekani. Jirani yako amekaribia sana. Shemeji ndiye aliyeteleza kwenye asili ya neno, lakini kwenye maana amegusa jambo zito kuliko anavyodhani.

Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za mahakama na kufundisha historia ya sheria, na swali lako nakutana nalo mara kwa mara kwa watu walioko Uingereza. Wengi huogopa jina kabla hawajajua mwenye jina anaweza nini. Kwa hiyo nivumilie nikupeleke nyuma kidogo, kwa sababu asili ya neno hili inakusaidia hata pale mlangoni.

Neno lenyewe lilianzia kwa mchukuzi. Warumi walikuwa na neno baiulus, yaani hamali, mtu anayebeba mzigo wa mwingine kwa ujira. Karne zilivyopita, mzigo wenyewe ukabadilika. Baiulus akawa pia mlezi, mtu anayebeba mtoto asiye wake. Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alipomfanya mwanawe Louis kuwa mfalme wa Aquitaine mwaka 781, mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu tu, basi akapewa baiulus wa kumlea na kuangalia mambo yake. Hapo ndipo neno lilipovuka kutoka bandarini na sokoni likaingia ikulu: aliyembeba mtoto wa mfalme alibeba na mamlaka yake, na mamlaka yale hayakuwa mali yake.

Wafaransa wa kale walipata kutoka hapo kitenzi chenye maana ya kubeba, kisha kushika, kisha kukabidhi. Ukoo wa kitenzi hicho bado umejaa kwenye sheria za Kiingereza. Dhamana ya mshtakiwa huitwa bail, kwa kuwa mtu anakabidhiwa mikononi mwa wadhamini wake. Sheria ya amana, pale unapomwachia mtu mali yako akutunzie, huitwa bailment. Na bailiff ndiye mkabidhiwa. Makarani walioandika kwa Kilatini walimwita ballivus, Wafaransa wakamwita bailli, na Waingereza wakalichukua neno likiwa bado na f yake mwishoni, katika miaka ya 1200.

Sasa nirudi kwa shemeji. Wali ni neno la Kiarabu lenye shina lake, lenye maana ya kuwa karibu na jambo na kulisimamia, na liwali wetu ni al-wali aliyekolea Kiswahili. Baiulus lilitumika Roma karne nyingi kabla Waarabu hawajatawala pwani yoyote ya Mediterania. Kufanana kwa sauti ni bahati tu. (Vivyo hivyo sheriff wa Kiingereza hana undugu na sharifu wetu, jina lake ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyounganika, wilaya na msimamizi wake.)

Lakini itazame kazi yenyewe. Mwaka 1190 mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa, akijiandaa kwenda vita vya msalaba, aliacha maagizo ambamo mabailli wanatajwa: kila mmoja katika eneo lake aketi kila mwezi asikilize mashauri ya watu kwa niaba ya mfalme. Bailli alitumwa kutoka ikulu, alilipwa na mfalme, na aliweza kuhamishwa wakati wowote. Alikusanya mapato, aliamua kesi, alisimamia askari. Ukimweleza mzee wa Mombasa, Malindi au Lamu aliyesikia habari za utawala wa Sultani wa Zanzibar katika pwani ile, atakwambia hapo hapo: huyo ni liwali. Nami sitambishia.

Na wafalme walijua hatari ya mtu aliyebeba mamlaka ya mwingine mbali na macho ya mwenyewe. Mwaka 1254 Louis wa 9 alitoa amri kali kwa mabailli wake: wasipokee zawadi, wasinunue ardhi katika eneo wanalotawala bila ruhusa, wasiwaoze watoto wao huko, na wakimaliza muda wao wasiondoke mara moja bali wangoje wenye malalamiko wajitokeze. Natamani agizo hilo la mwisho lingetumika kwa maofisa wengi wa leo.

Ukitaka kumwona bailli wa namna ile akiwa hai, huna haja ya kwenda mbali na ulipo. Visiwa vya Jersey na Guernsey vilikuwa sehemu ya Normandy. Mfalme wa Uingereza alipopoteza Normandy mwaka 1204, visiwa vilibaki upande wake, na cheo kikabaki navyo. Mpaka leo Bailiff wa Jersey ndiye jaji mkuu wa kisiwa, mwenye joho na heshima zake. Hawezi kuja kuchukua televisheni ya mtu. Huko Scotland nako neno hilo, bailie, lilikuwa cheo cha hakimu wa mji.

Basi cheo hicho kilishukaje mpaka kikawa cha mtu anayegonga mlango wa mdeni? Kilishuka kupitia shambani na kupitia kwa sheriff, ofisa wa mfalme katika kila jimbo.

Uingereza ya miaka ya 1200 ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya mabwana ambao hawakuishi kwenye mashamba hayo. Bwana alikuwa na msimamizi mkuu aliyezunguka mashamba yake yote, na katika kila shamba akaweka bailiff, na chini ya bailiff akawepo kiongozi aliyetoka miongoni mwa wanakijiji wenyewe. Mashamba ya pwani yetu katika karne ya 19 yalikuwa na ngazi kama hizo: msimamizi, nokoa, na kadamu. Tofauti ni kwamba watu wa chini yao hapa kwetu walikuwa watumwa walionunuliwa, na kule walikuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana. Miongozo ya kilimo ya zama zile inamtaka bailiff aamke alfajiri akague misitu, nafaka, malisho na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na aangalie wasimamizi wa chini yake wasiibe.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, baada ya sikukuu ya Malaika Mikaeli tarehe 29 Septemba, bailiff alitoa hesabu. Karani aliandika kwenye ngozi kila gunia lililoingia na kila kuku aliyekufa. Sheria ya mwaka 1285 iliwapa wakaguzi wa bwana nguvu ya kumpeleka gerezani bailiff ambaye hesabu zake zilikuwa na upungufu. Nakuomba uliangalie hilo vizuri: mtu ambaye jina lake leo linawatisha wadeni alikuwa yeye mwenyewe mdeni wa kufungwa.

Biblia inatuonyesha maana hiyo ya kale waziwazi. Katika Luka 16 tajiri anamwambia mtu aliyetapanya mali yake, "Toa hesabu ya uwakili wako." Wafasiri wa Kiingereza wa karne ya 14, wale wa kundi la John Wycliffe, walipofika kwenye mstari huo waliweka neno baili. Wafasiri wa Kiswahili waliweka wakili. Wote wawili walikuwa wakimtafuta mtu yule yule, aliyekabidhiwa kisicho chake na atakayeulizwa.

Upande wa pili ulikuwa wa serikali. Sheriff wa kila jimbo alikuwa na mabailiff wake wa kupeleka samansi, kukamata watu na kukamata mali. Hao ndio walioudhi watu. Mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215, ambao mabwana walimlazimisha Mfalme John aukubali, unawataja mara kadhaa. Kifungu cha 9 kinasema mfalme na mabailiff wake hawatakamata ardhi ya mtu kwa ajili ya deni maadamu mali zake zinazohamishika zinatosha kulipa. Kifungu cha 28 kinakataza kuchukua nafaka ya mtu bila kuilipia papo hapo. Kifungu cha 38 kinamzuia bailiff kumweka mtu kwenye mashtaka kwa neno lake tupu bila mashahidi wa kuaminika. Katazo haliandikwi ila mahali ambapo jambo lilikuwa likitendeka.

Baadaye sheriff akawa mtu wa heshima tupu na kazi chafu ikabaki kwa wasaidizi. Enzi ambapo mdeni aliweza kufungwa kwa deni, bailiff alimvizia njiani, akamshika bega, na hapo mtu amekamatwa. Wengine walipelekwa kwanza kwenye nyumba ya bailiff mwenyewe, wakatozwa chakula na malazi kwa bei ya kuumiza huku wakiwatafuta ndugu wa kuwakomboa. Bungeni mwaka 1869 ilipitishwa sheria iliyoondoa kifungo kwa madeni mengi ya kawaida, lakini sifa mbaya ilikuwa imeshaganda kwenye jina. Ajabu ni kwamba heshima ya zamani nayo haikufa kabisa: mbunge wa Uingereza anayetaka kuacha ubunge haruhusiwi kujiuzulu moja kwa moja, hivyo humwomba Waziri wa Fedha cheo kimojawapo kati ya viwili vya zamani. Kimoja ni cha kuwa msimamizi na bailiff wa vitongoji vitatu vya milima ya Chiltern. Akikipata, ubunge unakoma.

Sasa tuje mlangoni kwako.

Mwaka 1604 mahakama ya London iliamua shauri la mtu aitwaye Semayne, na humo likathibitishwa neno ambalo Waingereza wanalisema mpaka leo, kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Ofisa wa sheriff akija kwa deni la mtu binafsi hakuruhusiwa kuvunja mlango wa nje. Akija kwa jambo la mfalme aliweza, baada ya kujitambulisha na kuomba kufunguliwa. Mstari huo ndio uliobaki kwenye sheria inayokuhusu wewe, iliyopitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika kwa mabailiff mwezi Aprili 2014. Sheria hiyo iliwabadilisha jina pia. Kwenye karatasi rasmi sasa ni mawakala wa utekelezaji. Watu wamebaki na bailiff.

Kwa kodi ya halmashauri mambo huenda hivi. Kwanza halmashauri inapata amri ya mahakama kwamba unadaiwa. Kisha inaweza kukabidhi deni kwa wakala. Wakala lazima akupe notisi ya siku 7 kamili kabla ya kuja, na Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Anakuja kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Anaingia kwa mlango, kwa amani, maana yake umfungulie wewe au aukute haujafungwa kwa ufunguo. Hapiti dirishani, hakusukumi, na kwa deni la namna hii havunji mlango mara ya kwanza. Akimkuta mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake, haingii. Unaweza kuzungumza naye ukiwa ndani na mlango umefungwa.

Tahadhari kubwa iko hapa, na wengi wa watu wetu wameumia hapa kwa sababu ya ukarimu. Ukimkaribisha ndani, akaandika orodha ya mali, ukatia sahihi makubaliano kwamba mali ibaki kwako huku ukilipa kidogo kidogo, umempa haki ya kurudi. Ukivunja makubaliano hayo, safari hiyo anaweza kuingia kwa nguvu. Gari lililoegeshwa nje nalo anaweza kulifunga bila kuingia ndani kabisa.

Vitu vingine havigusi. Kanuni zinataja mavazi, vitanda na matandiko, jiko, friji, mashine ya kufulia, meza ya chakula na viti vya kutosha watu wa nyumba hiyo, simu moja, vifaa vya matibabu, na vyombo vya kazi yako mpaka kiasi fulani cha thamani. Mali ya mumeo peke yake, kama deni si lake, si yako, lakini uwe na risiti. Gharama nazo zimepangwa: kanuni za 2014 ziliweka pauni 75 deni linapokabidhiwa tu, na pauni 235 anapofika mlangoni. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo soma vilivyoandikwa kwenye barua yako. Lakini umeona mwenyewe kwa nini ni afadhali uipigie halmashauri simu leo, kabla deni halijatoka mikononi mwao, uombe kulipa kwa awamu. Ofisi za Citizens Advice zinasaidia bure kuandika maombi hayo.

Na pale mlangoni mwombe vitu viwili: kitambulisho chake na hati inayompa mamlaka ya kuingia. Sheria inamlazimisha kuvionyesha ukiomba. Hii ndiyo faida ya kujua asili ya jina lake. Bailiff hana nguvu yake mwenyewe hata chembe. Anabeba ya mahakama, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi, kwa deni lile, kwa mtu yule. Mwenye karatasi yenye jina la mpangaji aliyehama miaka iliyopita hana lolote kwako.

Onyo moja: yote hayo ni ya Uingereza na Wales. Scotland ina maofisa wake na taratibu zake. Na bailiff wa mahakama anayekuja kumtoa mpangaji kwa amri ya kumhamisha ni jambo jingine, huyo anaweza kuingia hata ukikataa.

Ukiwaeleza wazee wa Tanga, sema dalali wa mahakama, wataelewa mara moja, na hutakuwa umepotosha. Undugu wa kisheria upo kweli. Tanganyika chini ya Waingereza ilitumia sheria ya India ya mwaka 1908 ya mwenendo wa mashauri ya madai, mpaka nchi ilipotunga yake mwaka 1966 kwa kuifuata ile kwa karibu. Kifungu cha 48 cha sheria yetu kinataja visivyokamatwa katika kukazia hukumu: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdeni, mkewe na watoto, zana za fundi, zana za mkulima, na nyumba wanayoishi. Kinataja pia mapambo ambayo mwanamke, kwa desturi ya dini yake, hawezi kutengana nayo. Maneno hayo yaliandikwa yakiwalenga wanawake wa India, yakasafiri na sheria mpaka Dodoma na Tanga. Dalali wetu naye huteuliwa kwa kanuni, za sasa ni za mwaka 2017, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinawafundisha. Kenya ina sheria yake ya madalali ya mwaka 1996: dalali hutangaza kwanza mali aliyoiandika, na kwa mali inayohamishika mdeni hupewa siku 7 za kuikomboa.

Jirani yako Mkongo anatoka kwenye sheria zilizopitia Ubelgiji. Huissier jina lake linatokana na mlango: alikuwa bawabu wa mahakama, aliyeamua nani aingie kwa hakimu. Baadaye akatumwa nje na karatasi za mahakama, mpaka akawa mkamataji wa mali. Dada yako wa Chicago anamwona bailiff aliyefanya safari ya kinyume, kutoka nje kuingia ndani; mara nyingi ni askari wa sheriff anayewaambia watu wasimame jaji anapoingia, anayelinda wazee wa baraza la mahakama na kumrudisha mshtakiwa rumande. Mwenye kuja kukamata mali huko kwao ni sheriff au mtu wake, kwa hiyo kwa Marekani anasema kweli kabisa. Kwa Leicester, mfuate jirani.